Siku Niliyomgeuzia Mama Nyangi Kioo

Mwezi uliopita tulimzika Daktari Masanja kijijini kwao, upande wa Magu. Nilisafiri kutoka Natta, ninakoishi sasa, pamoja na Akinyi, muuguzi mstaafu niliyefanya naye kazi miaka mingi. Baada ya mazishi tulikaa chini ya turubai tukapewa wali, maharage na vipande vya nyama, na madaktari vijana waliofundishwa na marehemu wakawa wanasimulia ukali wake na vichekesho vyake. Akinyi aliniinamia akaniuliza, "Katekista, unamkumbuka Rhobi? Yule binti wa Susuni?" Nikamjibu kwamba simkumbuki, wagonjwa walikuwa wengi. Aliniangalia kidogo, kisha akarudi kwenye sahani yake. Mimi nilikuwa katekista kabla sijawa mpimaji wa moyo. Nimewafundisha watoto na watu wazima kwamba uongo ni dhambi hata ukiwa mdogo, na pale, na sahani ya msiba mkononi, nikadanganya. Rhobi namkumbuka. Nakumbuka hata rangi ya kitambaa alichofunga kichwani mara ya kwanza. Ndiyo sababu naandika sura hii, nami namshukuru Mungu aliyeniachia akili timamu ya kuiandika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Wakati ule nilijiona mtu mzima. Leo, natembea kwa fimbo, naona nilikuwa kijana tu. Hospitali yetu, upande wa Tarime, ilikuwa imepata mashine ya eko, ile inayoonyesha moyo ukipiga ndani ya kifua bila kupasua wala kuchoma. Ilikuwa imekwisha kutumika nchi nyingine na vitufe vyake viwili vilikuwa vimefutika maandishi. Mimi nilikuwa chumba cha eksirei, kwa hiyo wakanipeleka Mwanza miezi kadhaa nikafundishwe na Daktari Masanja, na niliporudi nikapewa chumba kilichokuwa stoo ya kanisa. Kwa muda mrefu kilinukia nta ya mishumaa, na kwenye rafu ya juu kondoo wawili wa udongo wa pango la Krismasi walibaki kwa sababu hakuna aliyejua pa kuwapeleka. Dirishani nilipigilia blanketi ili giza liingie. Jeli ile ya kupaka kifuani ni ya baridi sana asubuhi za Tarime, basi nilikuwa naitumbukiza chupa yake kwenye bakuli la maji moto kutoka birika la Akinyi, naye alinilalamikia kila siku kwamba maji ya chai yake nayamalizia kwa wagonjwa.

Namna ya kupima ni hii. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, kifua wazi, mkono wa kushoto chini ya kichwa. Mpimaji hukaa nyuma yake na kupitisha mkono juu ya ubavu mpaka kifuani, na kwa mtu asiyejua inaonekana kama amemkumbatia. Kwa hiyo tulikubaliana tangu mwanzo kwamba mwanamke hapimwi bila mwanamke mwingine kukaa chumbani. Mimi mwenyewe nilijiongezea kanuni yangu, ya kuongea. Nilikuwa naongea wakati wote, nikiuliza habari za mvua, za mahindi, za parokia, za ng'ombe, kwa sababu moyo wa mtu mwenye hofu huenda mbio na vipimo havitulii. Kanuni ya tatu ilikuwa ya Daktari Masanja. Yeye alikuja kwetu kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, akasoma picha nilizohifadhi na kuzungumza na wagonjwa mmoja mmoja. "Wewe unapima, mimi nasema," aliniambia. "Kioo cha mashine kikuelekee wewe tu. Ukimpa mtu nusu ya habari, nusu iliyobaki ataijaza mwenyewe." Niliiona kanuni nzuri, na bado naiona hivyo. Ilinifaa pia kuliko nilivyokiri, maana ilinipa ruhusa ya kuona makubwa na kwenda nyumbani kula.

Walikuja mwezi wa tatu, mvua zimeanza. Mama Nyangi alikuwa amepita miaka sitini, mrefu, amejifunga kanga mbili na sweta la kiume. Nyuma yake alikuja Rhobi, kama miaka ishirini hivi, kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani, akipumua kwa mdomo kwa sababu ya zile ngazi chache za mlangoni.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mura. Wewe ndiye katekista wa mioyo?"

"Ndiye mimi," nikasema. Mura kwa Kikurya ni kijana.

"Basi niangalizie mkamwana wangu. Akipanda na ndoo kutoka mtoni anasimama mara tatu. Wanawake wananicheka, wanasema nimetoa ng'ombe wangu kwa mvivu. Mimi nataka kujua jambo moja tu. Anaweza kubeba mimba?"

Kwa asiyezijua mila za Wakurya, nieleze. Mama Nyangi hakuwa na mtoto wa kiume, na mumewe alikuwa amefariki. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kuoa binti kwa mahari ya ng'ombe, kama vile anamwolea mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa. Binti huzaa na mwanamume anayekubalika na ukoo, lakini watoto ni wa nyumba ya yule mama, na nyumba yake haifutiki. Wanaiita nyumba ntobhu. Kanisa letu halikuibariki ndoa hiyo, nami kama katekista nilijua la kusema juu yake, lakini pale chumbani nilikuwa mpimaji, na mama aliyekaa mbele yangu alikuwa anaogopa kufa bila mtu wa kuliita jina la nyumba yake. Hofu hiyo niliielewa.

Rhobi akalala ubavu. Nikapaka jeli, nikaanza maneno yangu. Nilimuuliza kama anaimba kwaya. "Niliacha," akasema. "Pumzi inaisha kabla ya wimbo." Nikamtania kwamba nyimbo za kwaya ya Susuni ni ndefu mno, hata padri pumzi humwishia. Akacheka. Kisha moyo wake ukatokea kwenye kioo, na mimi nikanyamaza. Chumba cha juu upande wa kushoto kilikuwa kimevimba kupita kiasi, na mlango wa kati, ile valvu inayopaswa kufunguka kama kurasa mbili za kitabu, ilikuwa nene na imegandana pembeni. Katikati palibaki tundu ambalo nilidhani halipitishi hata kidole. Ni koo lililomuuma utotoni, likapona lenyewe, kisha likaacha kovu moyoni bila mtu kujua. Nilikuwa nimefundishwa maana yake kwa mwanamke. Mimba huongeza damu, damu hutafuta njia, na njia hakuna, basi hurudi kwenye mapafu.

Nilipima nikapima tena. Mama Nyangi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao upande wa pili, mikono magotini. "Mura," akasema, "hicho unachokitazama peke yako ni cha mtu wa nyumba yangu. Mimi nimeishi na ng'ombe. Namjua ng'ombe kwa kumwangalia. Kigeuze nione."

Nikakigeuza. Miaka mingi nilijiambia kwamba nilifanya hivyo kumwondolea hofu, kwa heshima ya umri wake. Nadhani ukweli ni kwamba sikutaka kubaki peke yangu na kile nilichokiona. Hata sauti niliifungua, ile ya damu ikipita, inayofanana na mtu anayefua nguo kwa haraka. Mama Nyangi alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Alitazama kwa muda mrefu, uso wake umemulikwa, na taratibu akaanza kutabasamu.

"Kumbe unacheza hivi," akasema. "Tazama ulivyo na nguvu. Ng'ombe mgonjwa hachezi." Akampigapiga Rhobi kwenye paja. "Umeuona moyo wako? Mvivu ni miguu tu."

Hapo ndipo ningesema. Sikuhitaji kuvunja kanuni yote. Ningesema tu, mama, kucheza si kupona. Badala yake nilimfuta Rhobi jeli kwa taulo, nikaandika kwenye karatasi, nikawaambia warudi Alhamisi ijayo waonane na daktari. "Tutarudi," akasema Mama Nyangi, kwa sauti ya mtu ambaye jibu lake ameshalipata na sasa anaaga.

Alhamisi hawakuja. Daktari Masanja alitazama zile picha, akavua miwani. "Huyu asibebe mimba kabla valvu haijapanuliwa," akasema. "Yuko wapi?" Nikasema hawakurudi. Habari ya kugeuza kioo sikuisema. Namba ya simu waliyoacha ilikuwa ya jirani, na jirani alikuwa kavuka mpaka kwenda kwa ndugu zake Kenya. Tukatuma ujumbe kwa katekista wa Susuni kwamba warudi, na jibu likarudi baada ya siku chache: mwambieni mwenzenu moyo tumeuona, tunashukuru sana, sasa tunapalilia. Akinyi alilisoma kwa sauti akacheka, akidhani ni ushamba wa kawaida. Mimi nilijua ni nini: moyo waliuona ukicheza kwenye kioo, hawakuona tena sababu ya kurudi. Asubuhi moja ingenitosha kwenda Susuni kwa pikipiki na kurudi. Wiki ile palikuwa na wagonjwa wengi, wiki iliyofuata palikuwa na semina ya jimbo, na baada ya hapo nikajiambia kwamba ujumbe umefika na kusema si kazi yangu. Niliwaombea kila asubuhi. Kuomba kulikuwa rahisi kuliko pikipiki, na Mungu anisamehe kwa kuliandika hivi.

Mwezi wa nane walirudi, Rhobi amebebwa mgongoni na shemeji yake wa ukoo kutoka barabarani. Mimba ilikuwa na miezi mitano. Miguu imevimba, na hawezi kulala chali bila kukohoa. Ilikuwa Alhamisi, daktari yupo, na safari hii alisema yeye. Nilisimama mlangoni nikasikiliza akimweleza Mama Nyangi polepole kuhusu tundu, kuhusu damu, kuhusu mapafu. Alisema Dar es Salaam kuna wataalamu wanaoweza kupanua mlango kwa puto dogo bila kupasua kifua, lakini kuna foleni, na kwa hali hii Rhobi hatafika Dar. Atalazwa apewe dawa za kukojoa na kupumzika, na mimba ikikomaa kidogo apelekwe Mwanza. Mama Nyangi alisikiliza mpaka mwisho. "Lakini mimi niliuona," akasema. Daktari akadhani amechanganyikiwa, akamshika bega.

Miezi iliyofuata ilipita hospitalini. Kila Jumatatu Rhobi aliletwa kwangu kwa kiti cha magurudumu, na kila Jumatatu nikaandika namba zilizozidi kidogo zile za wiki iliyotangulia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote, kutazama kitu kikiharibika na kukiandika vizuri. Dawa zilipungua nguvu, zikaongezwa, figo zikalalamika, zikapunguzwa. Daktari alipiga simu Mwanza na Dar mpaka sauti ikamkauka. Nilikuwa natoka chumbani nakwenda kusimama nyuma ya jiko la ndugu wa wagonjwa, lile la mafiga na mabati, kwa sababu pale palikuwa na moto na watu. Mama Nyangi alikuwa amepata heshima yake pale. Alipika uji wa ulezi na ugali wa mtama kwa ajili ya Rhobi, ambaye alikula vijiko viwili na kurudisha bakuli, na wenzake walimtania bila huruma.

"Mama mume, mkeo leo amekula?" mmoja aliuliza.

"Amekula. Na wewe wako, bado anakupiga?"

Jiko zima likacheka, na yule aliyeuliza akacheka kuliko wote. "Afadhali kuolewa na Nyangi," akasema mwingine. "Anapika."

"Tena moyo wa mke wangu niliuona kabla ya daktari," akasema Mama Nyangi, akigeuza ugali. "Nani kati yenu ameuona moyo wa mumewe?"

Aliponiona akaniita, akanipa kibuyu kidogo cha maziwa ya mgando yaliyoletwa kutoka kwake. "Kunywa, mura. Wewe ndiye uliyetupokea vizuri." Niliyapeleka chumbani kwangu nikayaweka kwenye rafu karibu na wale kondoo wa udongo. Jioni nikampa mlinzi bila kuyaonja.

Jumatatu ya mwisho ilikuwa mwezi wa kumi. Safari ya Mwanza ilikuwa imepangwa kwa kesho yake. Mama Nyangi alikuwa jikoni, na Akinyi ndiye aliyekaa kwenye kile kiti cha mbao, akisinzia baada ya zamu. Rhobi hakuweza tena kulala ubavu, basi nilimpima akiwa ameketi, ameegemea mito. Nilimsemesha habari za Mwanza, za ziwa na mawe makubwa, kwa sababu hajawahi kufika. Alisubiri nimalize.

"Katekista," akasema, "leo unaongea."

"Mimi naongea siku zote."

"Siku ile hukuongea. Uliongea mpaka ulipouona moyo, halafu ukanyamaza. Mama aliangalia mashine. Mimi nilikuangalia wewe." Alipumzika, akapumua mara kadhaa. "Nilijua tangu siku ile."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningemwambia nani?" akasema. "Mama alifurahi hivyo. Nikadhani kama ni kitu kibaya, wewe utasema."

Akinyi alikuwa amefungua macho. Nilianza kumfuta jeli, na Akinyi akanyanyuka akanipokea taulo. Ndiyo maana pale msibani aliniuliza kama namkumbuka. Yeye alikuwepo.

Saa hiyo hiyo nilikwenda jikoni nikamwomba Mama Nyangi tusogee pembeni, kwenye kamba za nguo. Nikamwambia yote, kwa Kikurya changu cha kujifunzia ukubwani, ambacho siku nyingine alikuwa anakicheka. Nikamwambia siku ile ya mwezi wa tatu niliona kwamba mlango umeziba. Nilijua mimba itamdhuru. Nilimgeuzia kioo nikijua kwamba yeye hawezi kusoma kilichomo. Alinisikiliza huku anakunja shuka la Rhobi, kona kwa kona.

"Ulinionyesha ukanyamaza," akasema hatimaye. "Mtu akikuonyesha ng'ombe akanyamaza, huyo anajua ng'ombe ni mgonjwa. Hata mtoto wa kwetu analijua hilo. Mimi nilisahau, kwa sababu wewe ni mtu wa Mungu." Akaweka shuka begani na kurudi jikoni. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

Rhobi alifika Mwanza akiwa hai. Siku ya tatu mapafu yalijaa, wakamzalisha kwa haraka, na yeye akafa kabla ya jua kuchwa. Mtoto, wa kiume, alimfuata asubuhi. Wauguzi wa kule walifanya kila lililowezekana. Daktari Masanja alikuwa nao, na aliporudi kwetu alikaa kwenye kiti cha mbao chumbani kwangu bila kuwasha taa. Nilimwambia habari ya kioo. Nilitegemea anifukuze kazi. Akasema, "Na mimi Susuni naijua njia." Hatukulizungumza tena mpaka alipokufa, na katika miaka yote hiyo hakunipunguzia heshima wala mimi sikumpunguzia. Namshukuru Mungu kwa mtu huyo.

Walimzika Rhobi na mwanawe katika boma la Mama Nyangi, kama mke wa nyumba ile, karibu na migomba. Nilikwenda kwa pikipiki. Njia ilikuwa fupi kama nilivyojua. Watu walikuwa wengi, wa Susuni na wa ng'ambo ya mpaka pia, na wanawake wa jikoni wawili walikuja, yule aliyetania akiwa amelia mpaka macho yamevimba. Padri hakuweza kufika. Yule katekista wa Susuni alinikabidhi kitabu cha ibada, kwa kuwa mimi ni mkubwa kwake na nilimjua marehemu. Nikasogea kaburini, nikafungua ukurasa.

Mama Nyangi alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele. "Kabla hujaomba," akasema, "waambie alikuwa na nini."

Nikadhani sikuelewa. Akarudia, kwa sauti ya kusikika mpaka migombani. "Watu hawa wanasema alilogwa. Wengine wanasema ni mvivu, alikufa kwa kukaa. Wewe ulimwona ndani. Waambie."

Nikafunga kitabu. Nikawaambia, kwa Kikurya kilekile kibovu, na hakuna aliyenicheka. Nilieleza koo la mtoto linalouma na kuachwa, kovu, mlango mnene, damu inayorudi nyuma. Nilisema kwamba hakuwa mvivu hata siku moja, kwamba moyo wake ulifanya kazi kuliko mioyo yetu sote pale. Nilisema kwamba niliona haya mwezi wa tatu na sikumwambia mtu. Mwanamke mmoja upande wa kulia alimvuta binti yake karibu akamwekea kiganja kifuani, akakiacha pale.

Mama Nyangi aliniuliza, "Ungesema siku ile, angekuwa hai?"

"Sijui, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza njia na kuambiwa ukweli kwamba haijulikani.

"Sasa omba," akasema.